Alikuwa na mke kabla yangu: niombe talaka, au ndoa ibatilishwe?

"Nilifunga ndoa katika Kanisa Katoliki hapa Kisumu mwaka wa 2016, na tumejaliwa watoto wawili. Mwaka jana baba mkwe alipofariki tulienda mazishini Siaya, na huko ndiko nilikojua kwamba mume wangu ana mke mwingine. Ana nyumba yake bomani, wanamwita mikayi, yaani mke mkubwa, na wazee waliniambia bila kuficha kwamba alilipiwa mahari, ayie na ng'ombe, mwaka wa 2009. Mume wangu anadai waliachana zamani. Rafiki yangu wa chama ananiambia nisiombe talaka, niombe ndoa ibatilishwe, kwamba ni rahisi zaidi na nitaweza kuolewa tena kanisani. Mama yangu anasema nikifanya hivyo watoto wangu watakuwa wa nje ya ndoa, na ploti tuliyonunua Mamboleo nitaipoteza. Katekista naye anasema nikienda kortini nitanyimwa Komunyo. Nimsikilize nani?"

Dada, pole sana. Habari kama hiyo ni nzito hata ukiambiwa faraghani, sembuse matangani mbele ya ukoo mzima.

Mimi ni wakili, na kazi yangu kubwa ni kesi za familia katika korti za Kisumu na miji ya jirani. Baadhi ya wateja nimewasindikiza pia hadi mahakama ya jimbo, ile ya Kanisa. Nitakujibu pande zote mbili, maana katika barua yako zimechanganyika, na sishangai. Padri aliyewafungisha ndoa alifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: alipokea viapo vyenu kwa niaba ya Kanisa, na akaisimamia ndoa hiyo hiyo kwa niaba ya serikali. Mliingia kwa mlango mmoja, lakini wa kutokea ni miwili, na ufunguo wa huu haufungui ule. Askofu hawezi kukupa talaka ya serikali. Hakimu naye hawezi kukuruhusu kuolewa tena kanisani.

Sasa tofauti yenyewe. Talaka inakiri kwamba ndoa ilikuwepo, ikawa halali, na inakoma tangu siku ya amri ya mwisho ya korti. Kubatilisha kunadai kwamba tulidhani kuna ndoa, kumbe siku ile ya harusi palikuwa na kasoro iliyoizuia isishike. Katika talaka hakimu huuliza mliishije miaka yote hii. Katika kubatilisha huuliza nini kilikuwa kweli siku ile mliposimama mbele ya altare. Watu wengi hupotea hapa. Mtu huja ofisini na rundo la jumbe za simu kati ya mumewe na mwanamke wa Nakuru, akitaka ndoa ibatilishwe. Jumbe zile zitamsaidia katika talaka. Katika kubatilisha hazina kazi, isipokuwa zinaonyesha jambo lililokuwepo kabla ya harusi. Kupigwa, ulevi, kutelekezwa, uzinzi ulioanza mwaka wa tano, yote hayo ni mambo ya talaka, hata yangekuwa machungu namna gani.

Kesi yako inagusa kubatilisha kwa sababu kasoro unayoieleza, kama ni kweli, ilikuwepo tangu mwanzo. Utaambiwa, na huenda umeshaambiwa, kwamba mila ya Kijaluo inamruhusu mwanamume kuoa wake wengi, basi hakuna kosa. Ni kweli ndoa ya kimila inaruhusu wake wengi. Lakini Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 9, inamkataza mtu aliye ndani ya ndoa ya aina hiyo kufunga ndoa nyingine ya mfumo wa mke mmoja. Angeweza kukuoa kimila ukawa nyachira, mke wa pili, ukijua na ukikubali. Hakuweza kumwacha mikayi bomani kisha akaja kuapa kanisani kwamba wewe ndiwe pekee. Ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, na kifungu cha 11 kinasema ndoa ambayo mmoja wa wahusika tayari amefunga ndoa na mtu mwingine ni batili. Wala usiogope kwamba nawe umevunja sheria. Kosa la kufunga ndoa juu ya ndoa, ambalo katika Kanuni za Adhabu kifungo chake kinafika miaka 5, ni la mwenye kuficha.

Hilo neno lake kwamba "tuliachana" usilitupe, kwa sababu kesi nzima inaweza kusimama au kuanguka hapo. Kabla sheria hii haijaanza kazi Mei 2014, ndoa ya kimila iliweza kuvunjwa kimila, familia mbili zikae, wazee wasikilize, ng'ombe warudishwe kwa namna inayokubalika. Baada ya hapo, kuivunja ni kazi ya korti. Kwa hiyo swali la kuwauliza wazee ni hili: je, ng'ombe walirudi? Nani aliwapeleka, nani aliwapokea? Mwanamke kukasirika na kurudi kwao kwa muda hakuvunji ndoa. Na kama bado ana nyumba yake bomani, na matangani alikaa mahali pa mke mkubwa, huo ni ushahidi mzito kwamba ukoo haukuwahi kumhesabu kuwa ameachwa.

Ushauri wa rafiki yako wa chama unavutia, lakini una shimo. Ombi la kubatilisha ndoa linaongozwa na kifungu cha 73, na masharti yake ni magumu. Linatakiwa kuletwa ndani ya mwaka mmoja tangu ndoa ilipofungwa. Nasisitiza tangu ilipofungwa. Mwaka hauhesabiwi tangu ulipogundua. Kama sababu ni ndoa ya awali, lazima uwe hukujua, na hilo wewe unalo. Tena, baada ya ombi kufikishwa kortini hamtakiwi kukutana kimwili. Wewe mwaka wako uliisha 2017. Mimi naona sheria hii inamwonea mtu aliyedanganywa vizuri, maana kadiri mwongo anavyojua kuficha ndivyo anavyozidi kulindwa na kalenda. Lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Inabaki njia ya kifungu cha 11, kuiomba korti itamke kwamba ndoa ilikuwa batili tangu mwanzo. Kifungu hicho hakina kikomo cha mwaka mmoja, na jinsi kinavyokaa na kile cha 73 ndilo pambano ambalo mawakili wa pande mbili watalipigana mbele ya hakimu wako. Njia ipo. Kuiita rahisi ni kukudanganya mara ya pili.

Hata kama njia ingekuwa nyeupe, kuna swali ambalo humwuliza kila mteja anayetaka ndoa ifutwe: ikifutwa, nani anafaidika? Mama yako ameligusa, ingawa kwa watoto amekosea.

Tumalizane na watoto kwanza, maana ni jambo fupi. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wamefunga ndoa au hawakufunga. Ada ya shule, malazi, matibabu, nani akae nao, yote hayo huamuliwa kwa kutazama maslahi ya mtoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 imelisema hilo wazi. Mtoto ambaye baba yake amemkubali haondolewi kwenye urithi kwa sababu ndoa ya wazazi imetangazwa batili. Upande wa Kanisa ni hivyo hivyo: kanuni ya 1137 ya sheria za Kanisa inawahesabu kuwa halali watoto waliozaliwa katika ndoa ambayo hata mmoja tu wa wazazi aliamini kwa nia njema kwamba ni ya kweli. Wewe uliamini. Mwambie mama alale usingizi.

Mali ndiko kwenye hatari. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inagawa mali kati ya mume na mke kulingana na mchango wa kila mmoja, na mchango haumaanishi fedha pekee. Kupika, kulea watoto, kulima, kusimamia duka, kukaa na mwenzio, vyote vinahesabiwa. Usitarajie nusu kwa nusu ijipe yenyewe. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema usawa unaotajwa katika kifungu cha 45 cha Katiba haumpi mtu nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Hata hivyo, sheria hiyo ni kinga nzuri kwa mke. Lakini ni kinga ya mke. Korti ikitamka kwamba hukuwahi kuwa mke, umeivua kwa mkono wako mwenyewe. Vivyo hivyo kwa matunzo yako binafsi, ambayo Sheria ya Ndoa inayataja waziwazi pale penye talaka au utengano.

Kwa hiyo usishangae ukifungua kesi ya talaka na kudai sehemu ya ploti, mume yule yule aliyeapa kwamba waliachana akageuka na kusema, "Mheshimiwa, huyu hakuwa mke wangu, nina mke wa 2009." Ukweli wa ndoa yake ya kwanza, ambao kwako ni jeraha, kwake unaweza kuwa ngao. Ngao hiyo inamchoma naye pia, maana kuishika ni kukiri kosa la jinai mbele ya hakimu, na mwenye kudai hivyo ndiye wa kuthibitisha. Wewe cheti chako cha ndoa ni ushahidi tosha mpaka mwingine akipindue.

Hata ikifika huko, hutoki mikono mitupu. Mwezi huo huo wa Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi nyingine ya watu walioishi pamoja miaka mingi. Ilikataa kudhania kwamba kulikuwa na ndoa, kwa kuwa mwanamke alikuwa bado ameolewa na mtu mwingine, lakini ikagawa mali kati yao, ikisema kila mmoja aliishika kwa amana ya mwenzake kulingana na alichochangia. Tofauti ni kwamba katika njia hii fedha na vitendo vyenye ushahidi ndivyo vinavyosema kwa sauti, na kazi ya nyumbani isiyoandikwa popote hupata shida kusikika. Basi anza leo kukusanya: taarifa za M-Pesa, za sacco, makubaliano ya kununua ploti, risiti za mawe na mabati, jina la fundi uliyemlipa. Nenda pia ofisi ya ardhi ufanye upekuzi ujue hati ina jina la nani. Kama ni jina lake peke yake, wakili anaweza kukuwekea zuio ili ploti isiuzwe kesi ikiendelea. Mimi ningelifanya hilo kabla hata ya kumwambia yeyote kwamba nafikiria korti.

Kwa hiyo upande wa serikali, kwa mambo uliyonieleza, ningeelekea kwenye talaka. Kwa ndoa ya Kikristo sababu zake ziko katika kifungu cha 65: uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, kutelekezwa kwa angalau miaka 3, upotovu uliokithiri, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika. Kufichwa mke kwa miaka yote hiyo kunaingia vizuri kwenye ukatili wa moyo na kuvunjika kwa ndoa. Ile habari ya kusubiri miaka 3 kabla ya kuomba talaka iliwahusu waliofunga ndoa ya kiserikali, na Mahakama Kuu ilishatamka kwamba inapingana na Katiba, kwa hiyo isikutishe. Jambo moja sitakubali, kwamba tuifiche korti habari ya mikayi. Tutaieleza yote, tuombe talaka kama ombi la kwanza, na tuweke kando ombi la pili kwamba korti ikiona ndoa ilikuwa batili, itambue mchango wako katika ploti kwa njia ya amana. Ombi la namna hiyo, lenye tawi la pili, ni la kawaida. Na mikayi usimfanye adui. Huenda ndiye shahidi wako bora, na yeye pia ana haki zake ambazo mume huyu amezichezea.

Sasa Kanisa. Katekista wako amechanganya mambo. Kupewa talaka na serikali peke yake hakumnyimi Mkatoliki Komunyo. Kinacholeta kizuizi ni kuingia katika muungano mwingine wakati Kanisa bado linahesabu ndoa ya kwanza ipo. Katekisimu, namba 2383, inasema kwamba talaka ya serikali ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani za kisheria, malezi ya watoto au mali, inaweza kuvumiliwa na si kosa la kimaadili. Hali yako ndiyo hiyo hasa. Mwonyeshe kwa heshima, asome mwenyewe.

Kuhusu kuolewa tena kanisani, Kanisa halina talaka kwa ndoa halali iliyokamilika kati ya wabatizwa. Lina uchunguzi, na mwisho wake huweza kuwa tamko kwamba kifungo hakikuwahi kuwepo. Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza hata mawakili wenzangu. Ungedhani mke wa 2009 anamaliza maneno mbele ya Kanisa. Inategemea kitu ambacho hukuniandikia: je, mume wako alikuwa amebatizwa Mkatoliki mwaka huo wa 2009? Au yule mwanamke? Kama hata mmoja wao alikuwa Mkatoliki, basi sheria ya Kanisa ilidai wafunge ndoa mbele ya padri na mashahidi wawili. Ndoa ya ayie na ng'ombe, iliyo kamili machoni pa mila na pa serikali, machoni pa Kanisa ingekuwa haikufungwa, na hivyo haikumzuia kukuoa wewe. Kama wote wawili hawakuwa Wakatoliki, tuseme walikuwa Waanglikana au wa dini ya mababu, Kanisa linaweza kuitambua ndoa yao ya kimila kuwa ya kweli, na hapo kanuni ya 1085 inasema hakuwa huru kukuoa. Kwa hiyo unaweza kujikuta na ndoa iliyo batili kwa serikali na halali kwa Kanisa. Tafuta tarehe ya ubatizo wake. Parokia mlikofunga ndoa waliomba cheti chake kabla ya kutangaza harusi yenu.

Ikionekana kwamba alikuwa Mkatoliki tangu utotoni, bado mlango haujafungwa. Kanuni ya 1098 inasema ndoa si halali kama mtu aliingia akiwa amelaghaiwa kwa makusudi ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa. Kuficha kwamba una mke bomani aliyelipiwa ng'ombe si jambo dogo. Kanuni ya 1101 nayo hutazama kama mtu alitamka kiapo huku moyoni akikataa uaminifu kwa mke mmoja. Katika haya yote mahakama ya Kanisa itarudi kwenye swali lile lile la siku ya harusi na yaliyotangulia: alisema nini wakati wa uchumba, nani alijua, ungemkubali kama ungejua?

Utaratibu huanza kwa paroko wako, si kwa katekista. Atakusaidia kuandika ombi, nalo litapelekwa mahakama ya jimbo mlikofunga ndoa au jimbo mnamoishi, ambayo kwako yote mawili ni Jimbo Kuu la Kisumu. Mashahidi wataitwa, mume ataarifiwa na kupewa nafasi ya kujibu, na kutakuwa na mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kutoa hoja zote za kuitetea ndoa. Usimchukie, ndiyo kazi aliyopewa. Tangu mageuzi ya Papa Fransisko ya 2015, hukumu moja ya kukubali inatosha kama hakuna aliyekata rufaa. Zamani zilitakiwa mbili. Sheria ya Kanisa inataka kesi isizidi mwaka mmoja katika mahakama ya kwanza, ingawa shahidi asiyefika huweza kuivuta zaidi. Papa alitaka pia, kadiri inavyowezekana, waumini wasitozwe, kwa hiyo uliza mapema kama kuna mchango wowote na useme ukweli kama huna. Mahakama nyingi za majimbo hupenda kuona amri ya talaka ya serikali kwanza, kama dalili kwamba hakuna tena matumaini ya kupatana. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanzia kortini. Na korti ikishaamua, ngoja amri ya mwisho kabla ya kupanga chochote. Ile ya awali haikuachilii bado.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatibu, yanataka uonane na mtu. Akikupiga au kukutishia, usingoje kesi yoyote. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi, na namba ya msaada 1195 hupigwa bila malipo. Ukoo ukikuletea karatasi ya "makubaliano" utie sahihi, hasa yenye neno lolote kuhusu ploti, ichukue, sema utaisoma, umpelekee wakili. Ukipokea karatasi za korti, zina siku za kujibu, usizifungie kabatini. Kama fedha za wakili hazipo, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Kisumu na hushughulikia kesi kama yako kila siku. Na kama bado hujaamua kuondoka, hilo pia ni sawa. Hakuna kifungu kinachokulazimisha. Lakini zuio la ploti na tarehe ya ubatizo havihitaji uwe umeamua.

Siku ukienda kwa wakili, beba nakala ya cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, matokeo ya upekuzi wa ardhi, na majina ya wazee wawili watatu waliokuwepo ng'ombe wa 2009 walipopelekwa na walio tayari kusema. Vyeti vya asili viache kwa mama yako, visikae katika nyumba mnayoishi na mume.